Baridi Inakolala

Tuliporudi kijijini kwetu Quiterajo, mume wangu Rama alitaka kujenga chini kabisa bondeni. Upepo wa kusi haufiki kule, alisema, na pasipo na upepo hapana baridi. Mama yake, Mwanaasha, akamuunga mkono kwa sababu kisima kiko huko huko. Mimi nilikuwa na Nafisa mgongoni, kitoto changu, kifua kinamkoroma tangu Juni ianze. Nilitaka nyumba ikae ubavuni mwa kilima.

"Juu kule, na upepo wote ule?" Rama akasema. "Mtoto utamfunga jiwe asipeperuke?"

"Usiku upepo unatulia. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Profesora ametueleza darasani."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika kiuno. "Ama kweli shule ya jioni! Baridi inateremka kilima! Ina miguu?"

Nilicheka naye, lakini sikukubali. Miti ya kujengea ilishakatwa, kesho inachimbiwa, na nyumba ikishasimama haihamishwi.

"Mama, nipe mafuta yako ya nazi, chupa mbili. Moja ilale bondeni, nyingine ubavuni. Penye baridi yataganda."

Hapo akaacha kucheka. Mafuta anayakamua mwenyewe, tabia zake anazijua. "Haya. Yakiganda ya juu, unyamaze."

"Yakiganda ya chini, mnibebee miti."

Chupa zikalala huko, na baada ya swala ya alfajiri tukashuka sote. Bondeni ukungu umetanda, umande unatulowesha magoti. Rama akaipindua chupa. Hakikutoka kitu. Mafuta meupe pe, yameshika kama nta.

"Bado ya juu," mama akasema, mkaidi.

Tukapanda. Kadiri tulivyopanda, miguu ilipata joto. Ubavuni mama akaiinamisha chupa. Mafuta yalikuwa mazito kidogo, lakini yakamtiririkia vidoleni.

Akapiga kigelegele, peke yake, pale kilimani! "Rama, unangoja nini? Hukusikia sharti? Lete miti!"

"Na maji, mama? Kisima kiko chini."

"Mabega hayo umepewa ya nini?"

Akamchukua Nafisa mgongoni kwangu, akaanza kuzunguka naye. "Mlango uangalie huku, jua la asubuhi limkute mjukuu wangu." Nami nikashika jembe, nikachimba shimo la kwanza.