Mkalimani wa Katuni

Kalunde alimsikia mumewe kabla hajamwona. Alikuwa amesimama nje ya banda la mabati nyuma ya hoteli ya Raho, pale Kambu, kitambaa cha akina mama wa kanisa kikiwa bado kichwani. Sauti iliyopenya kwenye matundu ya misumari ilikuwa ya Mutie bila shaka yoyote, ila ilikuwa imefanywa nyembamba, ya kitoto, na ilikuwa inacheka. Mutie hakuwa amecheka nyumbani tangu wamzike binti yao, Mbinya.

Alipoinua pazia la gunia, harufu ndiyo iliyomlaki: jasho, sigara, mafuta ya jenereta, na miraa iliyotafunwa ikatemwa kwenye sakafu ya udongo. Wanaume wazima, madereva wa malori na wachuuzi wa mbuzi, walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, vinywa wazi, wakitazama katuni. Katuni! Binti mwenye nywele za buluu na macho makubwa kama visahani alikuwa anavuka jangwa, pamoja na mbweha mwenye pembe na jitu lililobeba nyumba mgongoni. Walizungumza Kijapani, lugha ambayo hapana mtu aliyeijua humo ndani. Na kando ya televisheni, mkono mmoja nyuma, jicho moja limefumbwa nusu, Mutie alikuwa akiwatafsiria.

 Kalunde aliijua namna ile ya kusimama.

Kwa miaka mingi Mutie alikuwa mkalimani wa kanisa lao. Wahubiri wa kutoka mbali walisema sentensi kavu, naye aliirudisha kwa Kikamba ikiwa na nyama na damu, mpaka watu walilia kwa ajili yake na si kwa ajili ya mhubiri. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua Mbinya, mtoto wao wa pekee. Jumapili iliyofuata mazishi, mhubiri mgeni akasema kwamba nyumba inayofiwa na mtoto ni nyumba yenye dhambi iliyofichwa. Akanyamaza, akingoja itafsiriwe. Mutie alimtazama, akaweka kipaza sauti mezani, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

Tangu siku hiyo, nyumbani alisema yale tu ambayo nyumba haiwezi kuendeshwa bila hayo: chumvi, maji, funga mlango. Kalunde alijifariji kwamba huzuni imeula ulimi wake. Kumbe ulimi ulikuwa mzima, na ulikuwa ukiletwa hapa.

"Mimi sichoki, bwana!" Mutie alisema kwa sauti ya yule binti. "Jitu, nipe maji. Na usinipe yale ya moto, bwana!"

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akatema mate ya kijani karibu na kiatu cha Kalunde.

Mbinya alikuwa akimwita kila mtu bwana. Nyanya yake, mwalimu mkuu, hata kuku.

"Zima takataka hiyo," Kalunde alisema.

Vichwa viligeuka. Raho, mwenye banda, alikuja upesi akijitanda ushungi. "Mama, kuna shida gani?"

"Shida ni huyo hapo."

Mutie hakubishana. Alimfuata nje, wakasimama kati ya mapipa ya maji, malori yakinguruma barabarani.

"Wake wa wazee wa kanisa wananiuliza kama ni kweli unasema na mapepo ya Kijapani," Kalunde alisema. "Nikawaambia mume wangu ni mgonjwa, hasemi. Wakacheka. Unajua Kijapani, Baba Mbinya?"

"Sijui."

"Basi unawadanganya."

"Niliwaambia sijui. Wanarudi tu."

"Ni mtoto wangu yule unayemtembeza mbele ya watu wenye miraa kwenye meno!"

Mutie aliinamisha kichwa. Alipozungumza, ilikuwa kwa ile sauti yake ya zamani, ambayo Kalunde alikuwa ameanza kuisahau.

"Hadithi yenyewe haiishi. Dereva analeta kanda kutoka Mombasa, na kila kanda inakatikia njiani. Wanatafuta mji fulani. Kuna wanaoumia, kuna wanaoachwa nyuma, lakini kanda nyingine ikiwekwa, yule binti yupo, anatembea. Nilikuja hapa kununua betri za redio. Nikamwona ameanguka, akainuka, akasema kitu, na nikajua amesema nini."

"Ulijuaje?"

"Wewe pia ungejua."

Jibu hilo lilimchukiza kuliko yale mate. "Na mimi? Mimi wa kuambiwa chumvi? Maneno yote unayamwaga hapa kwenye uchafu, nyumbani unaniletea mdomo mtupu!"

"Siku ile nilisimama nje ya mlango wa kanisa nikikungoja," Mutie alisema. "Hukutoka. Yule mtu alimaliza mahubiri yake, akawaambia nyote mseme amina. Sauti yako naijua, Kalunde. Hata katikati ya watu wote wale."

Kalunde alitaka kujibu kwamba kila mtu alisema amina.  Hasira ilikuwa palepale, lakini sasa hakuweza kuielekeza kwa Mutie, wala kwa miraa, wala kwa lile dude lenye macho ya visahani. Aliisikia amina ile mdomoni mwake mwenyewe, chungu, kana kwamba ameitamka sasa hivi.

"Mkalimani!" waliita ndani. "Mkalimani, njoo! Binti ameanguka!"

Mutie alingoja kidogo, akaingia. Kalunde alimfuata hadi kwenye pazia, akasimama hapo, leso puani.

Kwenye televisheni kulikuwa na dhoruba ya mchanga. Binti alikuwa amelala kifudifudi, mbweha akimvuta nguo, jitu limepiga magoti. Binti aligeuza uso, midomo ikacheza. Mutie aliinua mkono kama afanyavyo daima, kisha mkono ukabaki hewani. Watu walingoja. Mmoja alisonya.

Mutie hakuwapo hospitalini siku Mbinya alipofariki. Alikuwa ameenda Kitui kutafuta gari la kumhamisha. Hakuwahi kuuliza mtoto alisema nini mwishoni, na Kalunde hakuwahi kumwambia.

"Tangulieni tu, bwana," Kalunde alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikwaruza. "Mimi nitawapata."

Hakuna aliyecheka. Mutie alimgeukia taratibu, mkono ukiwa bado juu, akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini.

Mbweha alifungua kinywa, akasema neno refu la Kijapani. Wanaume wote wakamwangalia Mutie, wakingoja kuambiwa amejibu nini.