Mkono wa Bi Zuhura

Shani Kombo alikuwa mwanasheria wa makampuni, na aliyetaka kumwona ofisini kwake West Bay, mtaa wa maghorofa wa Doha, alipanda lifti mpaka masikio yakaziba. Kazi yake ilikuwa mikataba. Kampuni hii inainunua ile, hizi mbili zinaungana, huyu anajenga bomba la gesi na yule anamdhamini. Alifika Doha mwaka 2006 na sanduku moja na koti la mvua, koti ambalo hakupata hata siku moja ya kulivaa. Miaka sita baadaye mama yake alikuwa na nyumba ya tofali Tanga, na pesa iliyobaki Shani hakuipeleka kwenye dhahabu. Aliipeleka kwa wasanii.

Hakupiga kelele. Kijana mmoja wa Bagamoyo alisomeshwa uchoraji mpaka akamaliza. Tungo za mzee mmoja kipofu wa Pemba zilichapishwa, mzee akazishika mkononi kabla hajafa. Na hapo hapo Doha, aliposikia Waswahili wenzake wanapiga taarabu chumbani kwa madereva, kwa udi uliokatika nyuzi, alikodi nyumba kubwa Al Wukair, akaagiza fidla, kodiani na ngoma, akawaandikia mkataba wa ufadhili wenye muhuri kila ukurasa.

Mussa, dereva wa hoteli na mpiga fidla, alitia sahihi bila kusoma. "Dada Shani, kama umeandika humu kwamba tukikosea ubeti tunakwenda jela, basi tutakwenda."

Kikundi kikashika. Kila Ijumaa waliopata ruhusa walikuja kufanya mazoezi, wengine na sare za kazi. Shani alikaa nyuma, viatu kavivua, akasikiliza. Hakuwa na mume wala mtoto, na hakuwa akililia. Ile Ijumaa ndiyo ilikuwa nyumba yake. Alishukuru kuwa nayo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo simu ya Mussa, wiki ya mwisho ya Ramadhani ya 2012, ilimshtua.

"Dada, Fatuma haimbi Idi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema anaacha kabisa. Na akiacha Fatuma, sisi wengine ni watu wanaokuna nyuzi tu. Nenda ukaseme naye. Mimi kanifukuza."

Fatuma alikuwa Mzanzibari, yaya katika nyumba moja ya Al Wakrah, na sauti yake ndiyo iliyofanya watu watoke hata Al Khor, mbali kaskazini, kuja kusikiliza. Shani alimkuta jioni pwani, baada ya futari, akiwachunga watoto watatu wa bosi wake kwenye mchanga. Joto la Agosti lilikuwa bado linapanda kutoka chini.

"Karibu, Wakili," alisema Fatuma bila kugeuka. "Umekuja na mkataba?"

"Nimekuja na masikio. Nimekukosea nini?"

"Hujui?"

"Ningejua ningekuja na radhi."

Fatuma akampangusa mtoto mmoja chembe za mchanga usoni, taratibu, kama vile hakuna mtu mwingine pale. Kisha akasema. "Idi iliyopita nilikuimbia wimbo wako. Wako wewe, kwa jina. Wanawake wote wakainuka kunitunza kwa noti, mpaka Stacy Mkenya asiyejua hata maana ya mafumbo yetu. Wewe ukakaa. Mikono kifuani kama mwalimu wa zamu. Watu wakacheka, Shani. Wakasema, mwenye wimbo kaukataa."

"Sikuukataa! Nilikuwa nalia ndani kwa ndani."

"Ndani kwa ndani mie nitaona wapi?"

"Fatuma, nyumba nimelipa mimi. Vyombo nimenunua mimi. Noti moja ya kukupepea usoni ingeongeza nini?"

Hapo Fatuma aligeuka. "Umesema kweli, umelipa. Fundi wa kiyoyozi akija kwako unamlipa, anaondoka. Mie si fundi wa kiyoyozi. Nikiimba nataka mtu anijie." Akamwita mtoto aliyekuwa anakaribia maji, kisha akashusha sauti. "Nitakuja Idi pili, kwa ajili ya Mussa. Nitauimba ule wimbo. Ukikaa, nashuka jukwaani na hunioni tena. Hilo andika, upige muhuri."

Shani aliendesha gari kurudi huku akijitetea peke yake kwa sauti, na kesi akashindwa kila penye taa nyekundu. Si kwamba hakutaka kuinuka. Hakuweza. Magoti yalikataa, na sababu aliijua.

Mama yake, Bi Tatu, alikuwa mwimbaji wa taarabu Ngamiani, kule Tanga, na Shani alikua nyuma ya jukwaa. Wakati wanawake wanamtunza mama, noti nyingine ziliponyoka, na kazi ya Shani ilikuwa kutambaa kati ya miguu yao kuziokota na kuzitia kwenye ncha ya kanga. Alikuwapo mmoja, Bi Zuhura, mke wa mwenye maduka, mwenye bangili tele mkononi. Noti zake zilianguka kila mara. Shani aliamini anaziangusha makusudi, amwone mtoto wa mwimbaji akitambaa. Siku moja alimkanyaga kidole. Shani alikuwa darasa la tano, na siku ile aliapa kwamba akiwa na pesa atatoa kistaarabu, kwa benki, mahali pasipo mtu wa kuinama.

Bi Tatu alikuwa Doha kwa viza ya matembezi, tayari ameshavipanga upya vyombo vyote vya jikoni mwa mwanawe. Kesho yake alasiri Shani alimkuta akikunja sambusa, funga haijamlegeza hata kidogo, akamweleza yote. Na la Bi Zuhura alilieleza, kwa mara ya kwanza katika umri wake.

Bi Tatu alicheka mpaka akaweka sambusa chini.

"Zuhura? Makusudi? Wee mtoto, Zuhura alikuwa na maradhi ya kutetemeka! Mkono wake wa kulia ulikuwa haushiki hata kijiko. Kwake alikunywa uji kwa mrija. Mumewe alimkataza kutoka, aibu yake yeye mwanamume, na mkewe akatoka. Akavaa bangili zote zile ili zikilia watu wadhani ni madaha."

Shani akavuta kiti.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa umenuna kama bata, nikadhani ni umri." Bi Tatu akashika sambusa nyingine. "Yule mama alikuwa anatembea ukumbi mzima, watu wanamtazama, mkono unacheza, ili anifikie mimi. Angeweza kutuma mtu. Kila mara nikimwona anakuja naimba vizuri zaidi. Ulipokwenda kidato cha kwanza, viatu vyako alinunua yeye. Sanduku pia."

"Na mimi ukaniweka chini kwenye miguu ya watu."

"Nikuweke wapi? Kikundi kizima kilikuwa na mikono mirefu. Wewe peke yako nilikuamini." Kisha, bila kubadili sauti: "Hebu nitolee ile sufuria. Na Idi inuka, usinitie aibu. Nimekuzaa na magoti mazima."

Shani alitoa sufuria. Alisimama nayo mkononi muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji. Miaka yote alikuwa amemchukia mtu aliyempenda mama yake, na viatu vyake akavivaa.

Idi pili nyumba ya Al Wukair ilijaa. Wanawake walikaa mbele na vilemba vipya, wanaume kando, watoto kila mahali. Bi Tatu alichagua kiti karibu na feni akakataa kukiachia. Mussa akaanza na fidla, kodiani ikafuata, na Fatuma akasimama na gauni la kijani, hatazami upande wa Shani.

Alianza wimbo ule ule. Ila ubeti wa pili ulikuwa mpya.

*Wema wako hauneni, umekaa kama taa,*
*mwanga tunao nyumbani, mwenyewe umekataa.*

Ukumbi ukaguna. Stacy akainuka na noti yake, wengine nyuma yake, kila mmoja kwa mwendo wake, na macho ya waliobaki yakaenda kwa Shani. Fatuma akaurudia ubeti. Alikuwa ameshashika ncha ya gauni, tayari kushuka.

Shani aliinuka.

Hakujua kucheza. Alitembea kama mtu anayekwenda kusimama mbele ya jaji, noti mkononi, na katikati ya ukumbi mkono wake ulianza kutetemeka. Alijaribu kuutuliza, ukazidi. Watu wakamtazama. Akafikiri, kumbe ndivyo ilivyokuwa, akaendelea kwenda.

"Kiuno nacho umekiacha ofisini?" alipiga kelele Bi Tatu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Shani naye akacheka, na alipomfikia Fatuma noti ikamponyoka ikaanguka. Fatuma hakuitazama noti. Aliushika ule mkono unaotetemeka, akaubana, akamwimbia usoni ubeti mzima bila kuuachia, na sauti yake ilipanda mahali ambapo Mussa na fidla yake hawakuwahi kuisikia ikifika. Shani alikuwa analia, safari hii nje, kila mtu akaona.

"Asante kwa kuja," Fatuma alimwambia, kati ya ubeti na kibwagizo.

Kisha wanawake wakaja kwa wingi, noti zikaanza kudondoka, na hakuna aliyekuwa wa kuziokota. Shani alitazama sakafu. Akakusanya gauni lake la hariri, akapiga magoti, akavua mtandio na kuufunga kama ncha ya kanga. Alijua hasa noti hukimbilia wapi: chini ya viti, chini ya viatu, pembeni mwa ngoma. Mtu alimkanyaga kidogo, akaomba radhi, akaambiwa si kitu.

"Shani!" aliita mama yake kutoka kwenye feni. "Chini ya kodiani ipo moja!"

"Nimeiona, mama," alisema Shani, akanyoosha mkono.