Kifungu cha Tano cha Jamhuri ya Mawe

Jamhuri ilizaliwa siku mtu wa kwanza alipookota jiwe linalong'aa kwenye shamba la mihogo, nje kidogo ya Ushirombo. Kabla wiki haijaisha mihogo yote ilikwishang'olewa, wachimbaji walikuwa wamejaa kama kumbikumbi, na watu walikwishapasuana vichwa wakigombea shimo moja. Serikali yenyewe, ile yenye bendera, ilikuwa bado inatafuta gari la kuja kuangalia. Basi wachimbaji wakaamua, nusu utani nusu woga, kuwa na nchi yao na katiba yao, na kazi ya kuiandika wakampa Wilbard.

Wilbard alisoma sheria Mwanza kwa mwaka mmoja, kabla chuo hakijachoka naye. Pale machimboni walimwita Wakili, naye kila akiitwa alikohoa kwanza ndipo aitike. Aliiandika katiba bila kuoga. Palipomshinda alinakili katiba ya kwaya ya kigangoni kwao, ndiyo maana hadi leo kifungu cha kumi na mbili kinamwamuru kila raia wa Jamhuri aijue sauti yake na aache kuimba ya jirani.

Tusimwonee, katiba ilikuwa na mazuri yake. Mtu hapigwi kabla hajasikilizwa. Duara, yaani shimo la dhahabu, ni la aliyelichimba, na haruhusiwi kushuka mtu kama halijajengewa magogo ya kuzuia udongo. Wanawake wanapiga kura sawa na wanaume. Hili la mwisho lilitoka kwa mkewe, Theopista, aliyekuwa akimpikia muda wote anaandika na ambaye angeweza kuacha wakati wowote. Baada ya hapo visu vilirudi kukata nyanya, na watu wakalala usingizi.

Ubovu ulikaa kwenye kifungu cha tano. Kilisema mkutano wa wananchi utaitishwa na mwenyekiti peke yake, na mwenyekiti atakaa madarakani mpaka mkutano umwondoe. Wilbard alikiandika huku anatabasamu, kwa kuwa mwenyekiti aliyemwona kichwani alifanana naye sana. Lakini siku moja kabla ya uchaguzi Mwigulu, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kagongwa, alichinja dume zima. Wilbard mwenyewe alikula maini. Mwigulu akapita kwa kishindo, na tangu hapo mkutano haukuitishwa tena, maana ni mjinga gani atawaita watu waje kumng'oa?

Wilbard aliyavumilia hayo yote mpaka duara lake lilipoanza kutoa dhahabu. Yeye, Theopista na Clemens, kaka yake Theopista, walikuwa wamechimba tangu masika wakila ugali na chumvi, na sasa mwamba ulikuwa umekubali. Mwigulu akapita asubuhi, akainama, akalichungulia, akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi lile litakuwa duara la taifa.

"Kwa kifungu gani?" Wilbard aliuliza.

"Duara ni la aliyelichimba, Wakili, sibishi," Mwigulu alisema kwa upole. "Kalalamike kwenye mkutano. Nikiuitisha."

Wilbard alirudi kibandani akakalia ndoo iliyopinduliwa. Aliogopa kweli. Duara lile ndilo lingemsomesha binti yao, Ritha, na ndicho kitu pekee maishani alichowahi kukianza akakifikisha mwisho. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anaibiwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliisoma katiba mbele na nyuma akitafuta upenyo, akafika hadi kwenye zile sauti za kwaya, asiambulie kitu.

Jumamosi mchana walinzi wa Mwigulu wakaja na kamba kulizungushia duara. Clemens alikuwa chini, akagoma kupanda. Wilbard akasimama mbele ya walinzi, akakohoa, akaanza, "Kwa mujibu wa..." Theopista akaona huyu atakohoa mpaka jua lizame. Akaweka mwiko chini, akapeleka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari, na kwa Wasukuma halina mjadala. Ukilisikia unaacha unachofanya unakimbilia linakotoka, na fimbo yako mkononi. Asiyekwenda anatengwa: haombi moto akapewa, hateki maji na wenzake, na akifiwa atazika mwenyewe. Jamhuri nzima ikatoka mbio. Mashine za kusaga mawe zilizimwa, sahani zikaachwa na wali wake, watu wakaibuka mashimoni weupe kwa vumbi. Na wa kwanza kufika, kwa sababu miguu aliyolelewa nayo haikungoja ruhusa ya kichwa, alikuwa Mwigulu, katoka bafuni, taulo kiunoni, povu kichwani, rungu mkononi.

"Mwizi yuko wapi?" alipaza sauti.

"Ndiye huyo mwenye povu," Theopista alisema.

Kicheko kilichozuka kiliwafikia mpaka waliokuwa bado njiani.

"Mama Ritha, mwano wa uongo ni kosa kubwa!"

"Wa uongo vipi, Mwenyekiti? Duara letu linachukuliwa mchana kweupe, na kamba hii hapa."

Hapo Wilbard akazinduka. Akapanda juu ya lundo la mawe. "Wananchi wote mpo?"

"Tupo!"

"Mwenyekiti yupo?"

"Yupo, anachuruzika!"

"Basi huu ni mkutano. Anayeona ni harusi aseme."

"Sijauitisha!" Mwigulu alifoka.

"Lakini umehudhuria, tena umewahi kuliko wote. Wananchi, Mwigulu aendelee?"

"Yaya!" walijibu kwa hapana yao ya Kisukuma, wakiwemo na wale walinzi wenye kamba.

Mwigulu akashikilia taulo lake, akaenda kusuuza kichwa. Clemens akapanda kutoka shimoni akiuliza nani kashinda. Wilbard alilia, hakujificha, na watu wakambeba mabegani wakimtangaza mwenyekiti mpya.

Theopista alingoja kelele zipungue. "Hongera, Mwenyekiti. Sasa futa kifungu cha tano, tukale."

Kutoka juu ya mabega yale Wilbard aliliona duara lake vizuri. Aliwaona pia watu wote hawa, ambao wakiruhusiwa kukutana siku yoyote wanayotaka, wangeweza kumnyang'anya kwa dume moja tu la ng'ombe. Alikumbuka ladha ya yale maini. Kifungu cha tano kilimpendeza kuliko hata siku alipokiandika.

"Mama Ritha," alisema, akakohoa, "hilo ni jambo zito. Tutalijadili mkutano ujao."

"Mkutano ujao ni lini?"

"Nitauitisha."

Waliombeba wakamshusha polepole. Theopista alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama Mwigulu, na Wilbard akahisi aibu ikimchoma mpaka masikioni. Kisha mkewe akapeleka kiganja mdomoni, akavuta pumzi.

"Nipeni kalamu," Wilbard alisema haraka.