Pembe za Boss

Pembe za Boss, dume la kondoo, zilijikunja mara mbili, na Donat, mstaafu wa reli, alizipenda kuliko ndevu zake mwenyewe. Miezi sita sasa Boss alikuwa bwana wa majike sita katika lupango la Donat, kiwanja chenye ukuta mtaani Hewa Bora, na hakuna tumbo lililovimba. Mkewe, Delphine, alishaapa: daktari wa mifugo asipokuta mimba leo, kondoo wanauzwa, lupango linapandwa mboga za lengalenga. Jembe alikuwa ameshaliegemeza ukutani.

Donat hakuwa na wasiwasi. Dakika chache kabla ya daktari kufika, alimkamata Petit, dume la miezi saba lililozaliwa kabla Boss hajanunuliwa, akamkaza mapumbu kwa mpira wa baiskeli ili yakauke, mtoto anenepe. Kazi ya kuzalisha si ilikuwa na mwenyewe?

Daktari Gaëlle akamzungushia Boss futi ya ushonaji huko chini. Akapima tena.

“Papa Donat, huyu ulimutosha wapi?”

“Kasomeno. Angalia mapembe, docteur!”

“Mapembe haizalake. Centimètres makumi mbili tu, na iko laini sawa bukari ya muhogo. Pengine njaa ya utoto. Mwili ulikomaa, huku chini kulibakia kudogo.”

Donat akakalia ndoo, ndoo ikampindua. Delphine hakucheka, akalitazama jembe lake.

Gaëlle akapitisha mashine ya ekografi kwenye tumbo la jike la kwanza. “Ngoja. Huyu iko na mimba. Miezi mbili.” La pili: mimba.

“Boss wangu!” Donat akaruka.

“Boss hapana.”

Wote watatu wakageuka. Petit alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake, miguu ya nyuma imeachana.

“Ule? Juzi-juzi alikuwa ananyonya!”

“Miezi ine, tano, mapumbu inakomaa mbio, mbegu zinaanza. Na mulimuacha mu lupango moja na ba mama?”

“Docteur, iko mutoto!”

“Iko baba.”

Delphine akashika kichwa. “Papa weye! Si umemufunga mpira sasa hivi?”

Mzee mwenye goti bovu alivuka lupango kama treni isiyo na breki. Akamwangukia Petit, akaukata mpira kwa kisu cha jikoni.

Gaëlle akapapasa taratibu. “Haujakawia sana. Lakini siwezi kukuapia. Mbegu inatengenezwa majuma saba, nitarudia kumupima.” Kisha akalipima jike la tatu, mama yake Petit, akakohoa. “Huyu naye iko na mimba.”

“Na mama yake?” Donat akafanya ishara ya msalaba, akamgeukia Petit. “Na mama yake, weye!”

Delphine akalichukua jembe. Donat akafumba macho. Aliposikia udongo ukipasuka, akafumbua: mkewe alikuwa anachimba mashimo katikati ya lupango, moja, mbili, tatu.

“Leta miti ya kugawanya lupango,” akasema. “Kuanzia leo huyu Petit analala fasi yake, mbali na ba mama. Na ule wa mapembe, tutamukula Noeli.”