Sikio la Subira

"Nilikupa umtunze, Chande. Sikukupa umtumie."

"Punda wa kutunzwa bila kutumiwa ndiyo nini hiyo? Nimwekee televisheni?"

Mwamvita, mke wa Chande, alikuwa kibarazani akichambua choroko kwenye ungo. Alicheka kwa nguvu ili asikike mpaka barabarani. Koleta hakumtazama. Alikuwa ameinama kando ya punda wake, Subira, akimpapasa mgongo. Pale panapokaa mzigo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, ambacho wiki iliyopita hakikuwepo, kinatoa maji, na nzi walikuwa wameshakizoea. Tumbo lilikuwa limeshuka. Mwenye macho hakuhitaji kuambiwa kwamba punda yule ana mimba kubwa.

"Umembebesha nini?"

"Mchanga kidogo. Watu wanajenga, mama Doreen."

"Na mimba hii?"

"Mama zetu walibeba kuni na mimba zao, wakatuzaa. Sembuse punda?"

"Basi ubebe wewe huo mchanga. Wewe mimba huna."

Safari hii Mwamvita hakucheka.

Koleta alipanga nyumba katikati ya mji wa Same, kwa mtu asiyetaka hata kuku uani kwake. Ndiyo maana Subira alilala kwa Chande, pembeni ya mji. Mapatano yalikuwa mepesi: Koleta alete pumba, Chande atoe kivuli, maji na malisho, mbolea iwe yake. Subira ndiye aliyekuwa akimletea Koleta maji ya mgahawa wake kila mabomba yalipokauka, na mabomba ya Same kukauka si habari. Tumbo lilipoanza kuonekana, Koleta alimpumzisha, akawa anasukuma madumu mwenyewe kwa toroli mpaka mabega yakawaka moto. Kumbe alikuwa akimpumzishia Chande.

"Na sikio hili nalo," alisema, akilishika. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa na mkato, nao ulikuwa umekolea rangi ya zambarau. "Wiki iliyopita nzima nililipaka dawa ya GV na bado halijafunga. Hizo nyaya zako za uzio zitoe, zitamla mnyama."

Chande alimtazama mkewe. Kisha wote wawili wakapasuka kwa kicheko.

"Nyaya!" Chande alisema, akijifuta macho. "Mama Doreen, hiyo si nyaya. Hiyo ni alama yangu. Kisu changu hicho. Wiki nzima ulikuwa unaipaka rangi alama yangu! Nilimwambia Mwamvita, mwache, anatutangazia bure."

"Na diploma yake yote ya chuo, asijue alama," Mwamvita aliongeza.

Koleta alihisi uso ukimchoma. Alikuwa ameyaona masikio ya punda wengine wa boma lile, yote yamepasuliwa ncha hivyo hivyo, na hakuwaza chochote. Alidhani ni nyaya zile zile.

"Nani alikuruhusu?"

"Niruhusiwe na nani? Huko machungani wanyama wanachanganyika. Wamasai hawasomi risiti, wanasoma sikio. Akipotea wanamrudisha kwa Chande. Ningekuwa mtu mbaya ningemwacha bila alama, apotelee huko."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na Koleta alijua. Kisha akauliza:

"Na mtoto akizaliwa?"

Chande alijikuna shingo. Mwamvita alirudi kwenye choroko zake kana kwamba zimemwita.

"Nimekuuliza, Chande."

"Mtoto hufuata sikio la mama yake. Hiyo sikuitunga mimi. Nimeikuta."

Basi. Koleta alisimama wima, akaenda kwenye nguzo, akaanza kumfungua Subira.

"Punda wa mimba hahamishwi," Chande alisema, akija mbiombio. "Akiitoa mimba barabarani usije kulia hapa."

"Akibaki hapa ataitolea kwenye mchanga wako."

"Na utampeleka wapi? Boma lingine la punda ni la wifi yako tu, ng'ambo ya reli. Utapiga hodi kwa Anaeli? Yule aliyesema mbele ya harusi nzima kwamba kaka yake hakuoa, aliokota?"

"Atamwokota na punda," alisema Mwamvita.

Mkono wa Koleta ulisimama kwenye fundo. Tangu harusi ile hakuwa amekanyaga kwa Anaeli, na alikuwa ameapa kutokanyaga. Alitazama kidonda. Alitazama tumbo. Kiapo kilikuwa chake, lakini aliyebeba mchanga wa watu ni Subira.

"Kamba ni yangu," Chande alisema.

"Chukua."

Alimtupia kamba kifuani, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakizungusha shingoni mwa Subira. Subira aligoma getini, akawalilia wenzake. Koleta alimtangulizia puani ndoo ya pumba aliyokuja nayo, hatua kwa hatua, matusi ya Mwamvita yakiwasindikiza mgongoni. Alisubiri malori yapite, akavuka barabara kuu, akavuka reli. Mara mbili Subira alisimama akihema, na mara mbili Koleta alilishika tumbo la punda mpaka akahisi kitu kikisogea ndani.

Anaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya geti, akimenya ndizi mbichi. Hakuinuka.

"Shikamoo, wifi."

Anaeli alimenya ndizi nzima bila kuitikia.

"Mji umeisha maboma leo," alisema hatimaye.

"Umeisha. Nimebaki na wewe. Nataka uniwekee punda mpaka azae. Pumba naleta, na mzigo habebi."

"Punda gani?"

"Huyu."

Anaeli alitupa jicho moja tu. "Huyo ni wa Chande. Sipokei mali ya watu. Kesho atakuja hapa na mgambo aseme nimemwibia, na sikio litamuunga mkono."

"Ni wangu na unajua. Kaka yako ndiye aliyeninunulia."

"Mimi najua. Sikio halijui." Anaeli alisimama, akafuta kisu kwenye kanga na kukipitisha juu ya geti, mpini mbele. "Alama ya mtu huondolewa kwa kukata juu yake. Mwenye mnyama hukata kwa mkono wake, mbele ya mtu. Mwizi hawezi, huogopa kushuhudiwa. Mimi hapa nimesimama. Kata, au mrudishe."

"Unafurahi, siyo?"

"Sana."

Koleta alikishika kisu. Aliwahi kumshika Doreen achomwe sindano huku mtoto akimwangalia kama adui, na aliijua kazi ile: ukisita, unaumiza mara mbili. Alikifunga kitenge cha shingoni mwa Subira kwenye nguzo ya geti, kifupi kabisa, akalibana sikio, akakata juu ya mkato, moja kwa moja, ncha yote. Subira alirusha teke likampata pajani. Maumivu yalipanda mpaka kiunoni, lakini hakuachia sikio mpaka kipande kilipoanguka vumbini.

"Wangu," alisema, damu ikimchuruzika kiwikoni. "Umeona?"

"Nimeona."

"Fungua basi."

Anaeli alifungua, na Koleta akamwingiza punda wake ndani.