Kichupa cha Saimi

Wewe umewahi kunusa harufu ya mtu aliyekwisha kuzikwa? Nyumbani kwa Marjut, kule ziwani, harufu hiyo ilikuja kila Jumamosi jioni, watu wote wakishatoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Ilikuwa ya waridi, nyepesi, na mwishoni ukali kidogo kama wa ndimu. Harufu ya Saimi, binti yake wa kwanza, ambaye gari lake liliteleza kwenye barafu akiwa na miaka kumi na tisa.

Katika nyumba ile, tangu enzi za babu zao, mvuke wa mwisho hauogwi na mtu. Ukimaliza kuoga unamwaga kata moja ya maji juu ya mawe ya moto, unafunga mlango, unamwachia mlinzi wa sauna, yule mzee mdogo asiyeonekana. Lakini baada ya mazishi Marjut hakumtaja tena mzee huyo. Alimwaga kata yake, akafunga mlango taratibu, akasema, "Oga, mwanangu." Kisha akakaa kwenye benchi la ukumbini, taulo kichwani, macho sakafuni, akingoja.

Harufu ikija alisema, "Amepita." Akatabasamu. Juma zima hakuwa na tabasamu jingine.

Aliyepita alikuwa Venla, mdogo wake Saimi, mwenye miaka kumi na miwili.

Ilianza mwezi wa kumi, bila hila yoyote. Vichupa vya Saimi vilikuwa bado kwenye rafu ya chumba cha kuogea, vinane, vimepangwa kama alivyoviacha, na hakuna aliyethubutu hata kuvipangusa vumbi. Siku hiyo Venla alimkumbuka sana dada yake. Akafungua kile chenye kidondoshi, kilichonukia waridi, akaweka matone mawili mashavuni, akiyapigapiga kwa vidole kama Saimi alivyofanya mbele ya kioo. Akapita nyuma ya mama yake, miguuni soksi za sufu, akipanda chumbani.

"Amepita," mama akasema, wala hakugeuka.

Venla alisimama kwenye ngazi. Angeweza kusema, ni mimi, mama. Lakini kwenye kioo cha dirisha, ambako nje palikwisha kuwa giza, aliliona lile tabasamu. Jumamosi iliyofuata akatia matone matatu.

Sasa dawa ile ilikuwa ya mtu mzima, ya kubambua ngozi ya juu, na Saimi aliinunua kwa ajili ya makovu yake ya chunusi. Tena ilikuwa imefunguliwa miaka mitatu, imegeuka rangi kama chai. Kufikia mwezi wa kwanza mashavu ya Venla yalikuwa mekundu, yanang'aa, yanawasha kama aliyepakwa upupu, na kando ya pua ngozi inatoka magamba. Alipopaka dawa za vile vichupa vingine ili apoe, ndio kwanza akachochea moto.

"Venla, umelalia jiko?" walimcheka shuleni.

"Baridi tu," alijibu.

Alijua inafaa aache. Ila akiacha, Jumamosi itafika na harufu haitafika, na mama atamzika Saimi mara ya pili. Ndivyo alivyoamini, naye aliubeba mzigo huo peke yake.

Jumamosi moja akaja Bibi Hilkka, mamake Marjut. Wakaingia sauna wote watatu, na Venla akakaa ngazi ya chini kabisa, taulo usoni. Marjut alipotoka kuleta kuni, bibi akauliza:

"Bibie, mbona umejifunika? Unaolewa leo?"

"Joto, bibi."

"Si ndilo tulilolifuata? Hebu."

Akaliinua lile taulo. Utani ukamwishia mdomoni. Alimshika mkono akamtoa hadi chumba cha kuogea, akachanganya maji kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko mpaka yakawa ya uvuguvugu, akamwosha uso kwa ncha za vidole.

"Umepaka nini?"

Venla akatazama rafuni. Bibi akachukua kile kichupa, akakinusa.

"Kumbe ni wewe unayepita."

"Usimwambie mama."

"Mashavu yatamwambia, mjukuu wangu. Kitu kikichoma, kinawekwa chini siku hiyohiyo. Wewe una makunyanzi gani ya kufukuza? Asubuhi na jioni maji kama haya, na sabuni laini isiyonukia. Usisugue, kausha kwa kugusagusa. Halafu krimu nyeupe ya kawaida. Jua likirudi juu ya theluji, ndipo uongeze losheni ya jua."

"Na chunusi?"

"Usizibinye, zitaacha mashimo. Zikikuzidi, nenda kwa muuguzi wa shule, si kwenye rafu ya marehemu."

"Hayo tu?"

"Ulitaka iwe mtihani?"

Akampaka krimu yake mwenyewe, isiyonuka chochote.

Marjut akamwaga kata ya mwisho, akafunga mlango, akasema maneno yake, akakaa. Venla alisimama nyuma yake. Ukumbi ulinuka moshi wa kuni na maji, basi. Mama alingoja. Akaanza kuzungusha pindo la taulo kidoleni.

"Leo amechelewa," akasema kwa sauti ndogo.

Kichupa kilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Mkono wa Venla ulikwisha kufika kwenye kitasa cha chumba cha kuogea. Bibi Hilkka alimwona. Na ndani ya sauna, ambako hapakuwa na mtu, mawe yakatoa mlio mrefu, kama yaliyomwagiwa maji upya.

Venla aliachia kitasa, akazunguka, akapiga magoti mbele ya mama yake.

Marjut alimtazama. Akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Nani kakufanya hivi?"

"Dawa ya Saimi. Jumamosi zote hizo, mama, aliyepita ni mimi."

Mkono wa mama ulianguka mapajani, ukakaa hapo, kisha ukarudi shavuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatabasamu."

"Venla," mama akasema, polepole, kama anayejaribu neno geni. "Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

"Nilitaka na mimi uningoje."