Neno Ambalo Waziri Hakulisema

Ili siri ya mkutano isivuje, nchi mbili zilikubaliana kutumia mkalimani mmoja tu. Ndivyo mkalimani huyo, mama aliyezoea kukaa nyuma ya wakubwa kama kivuli, alivyojikuta katikati ya meza, waziri wake kulia, jenerali wa nchi jirani kushoto. Simu zilikusanywa mlangoni. Mapazia yalishushwa. Hata aliyekwenda msalani alisindikizwa.

Asubuhi ilikuwa ya ushirikiano: barabara, umeme, masomo ya vijana. Mchana jenerali akatandaza ramani, akaweka kidole kwenye mji wa mpakani.

"Waasi wamejificha humu. Majeshi yetu yaingie kesho alfajiri, huku na huku, bila tangazo. Ukimwambia panya unakuja, atakusubiri?"

Mkalimani akautazama ule mji kwenye ramani. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani katika mji huohuo, akiishi na wanawe wawili. Hata hivyo akatafsiri yote, mpaka ule mzaha wa panya. Waziri akacheka.

Wakati wa chai mkalimani alimfuata mlinzi mlangoni. "Kaka, kichwa kinaniuma. Nikapunge upepo kidogo tu."

"Dada yangu, hata mimi nimefungiwa. Mpaka watie saini, hapa haingii nzi wala hatoki."

Akarudi kitini. Waziri, bila kuinua macho, akasema, "Mwambie tumekubali. Kesho alfajiri."

Mkalimani akamgeukia jenerali, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Tumekubali. Ila raia wapewe asubuhi ya kesho watoke kwanza. Hilo kwetu halina mjadala."

Jenerali akakunja uso. Akanong'onezana na wenzake. Kisha akajibu, "Haya, raia watoke asubuhi. Lakini adhuhuri tunaingia. Waasi wakitoroka, lawama ni zenu."

Hilo nalo ilibidi alitafsiri. Waziri alimkazia macho yeye, si jenerali. Angekanaje? Angeonekana mbele ya mgeni hajali watu, tena ameshindwa kumtawala hata mkalimani wake.

"Haya," alisema taratibu.

Saini zilipokwisha, waziri alimkamata mkalimani kwenye ujia. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hilo hukufundishwa?"

"Nina mdogo wangu kule, mheshimiwa."

"Na mimi nina askari. Waasi wakiwatega njiani, mama zao nitawaambia nini?"

Waziri akawaita walinzi. Wakamfungia katika chumba cha ghorofani, mlango usiofunguka kwa ndani, akae humo mpaka operesheni iishe. Alizunguka baina ya kitanda na dirisha akiwafikiria wana wa mdogo wake, kisha wale askari, kisha tena watoto. Hakuna aliyemwambia lolote.

Asubuhi ile mdogo wake alitoka mjini, cherehani kichwani, watoto mkononi. Waasi wengi nao walitoka, wamechanganyika na watu. Askari wanne hawakurudi.

Mkalimani alipoteza kazi na pasipoti, akaonywa: akithubutu kufungua mdomo, yeye na nduguye watakiona cha mtema kuni. Sasa wanaishi wote chumba kimoja. Mdogo mtu hushona huku akilalamika.

"Serikali hizi hazina utu, dada. Asubuhi moja tu ya kufungasha maisha yote! Hivi nani alikaa akaamua hivyo?"

"Sijui, mdogo wangu," humjibu, na kuinamia nguo anayotia vifungo.